Gurudumu la Papa Juu ya Jiko

Hata leo, nikisikia tairi la baiskeli likisugua dinamo, kile kilio chembamba kama cha mbu sikioni, narudi Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, Jumanne ile, saa tisa na nusu mchana, nilipofungua gurudumu la mbele la baiskeli ya papa, baba yangu.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa pekee, mwenye haya hata mbele ya kuku. Papa alikuwa ameenda Opala kutafuta mchele, kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, baiskeli akaiacha ukutani. Nyuma yake njia ikafungwa: sisi upande huu wa vita, yeye upande ule. Kila siku saa kumi radio ilisoma salamu za watu waliotenganishwa. Radio tulikuwa nayo. Betri ndizo hazikuonekana tena sokoni. Kwenda kusikiliza kwa jirani, mama alikataa. Nilidhani ni haya, kama yangu.

Basi nikaamua kumpatia mama sauti ya papa kwa upepo. Nilisimamisha mti kando ya kibanda cha jiko, juu yake nikalaza gurudumu, lizunguke kama sahani. Bidoni, dumu la plastiki la mafuta ya mawese, niliipasua kwa urefu, nusu zake mbili nikazifunga kwa waya kwenye spoku, moja ikitazama huku, nyingine kule, ili upepo wowote upate pa kushika. Dinamo ya taa ya baiskeli ikabana tairi, itoe umeme wa radio. Tonton Beno, fundi wa radio wa mtaani kwetu, aliniungia nyaya, akacheka polepole.

“Mupepo ya Kisangani iko muvivu, ma fille. Inaamuka tu kama mvua inakuja.”

Ma fille, yaani binti yangu, ndivyo alivyoniita; mimi nikaendelea kukaza waya.

Siku nyingi chombo changu hakikusogea. Nilikaa chini yake peke yangu baada ya shule, mabaki ya mawese yakinukia juani, watoto wa jirani wakipita.

“Helikopta yako inaruka lini?”

“Iko inangoja rubani,” mwenzao akajibu kwa niaba yangu, wakaondoka wakicheka. Nilitamani wabaki kidogo.

Halafu alasiri moja mbingu upande wa mto zikawa nyeusi. Majani ya migomba yalianza kugeuka, na gurudumu likaanza kulia. Nikakimbilia ndani. Radio ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena, kisha mwanamke akasema wazi kabisa: “Salamu zinazotoka Opala...”

Mama alikuwa anafunika kioo kwa kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, maana kwetu mvua ikikaribia kioo hufunikwa, radio huzimwa, na watu hukaa kimya radi isiwaone. Alivuka chumba kwa hatua ndefu, akazima.

“Mama, ni Opala!”

“Radi itatupiga. Kaa.”

“Nawasha kidogo tu...”

“Nimesema kaa, mwanangu.”

Tulikaa. Gurudumu lilizunguka nje kama lenye wazimu, umeme wote ule ukienda bure. Mvua yenyewe haikunyesha. Wingu lilipita, kioo kikabaki kimefunikwa, na mkono wa mama ukabaki juu ya kitufe cha radio. Nilimchukia kimyakimya mpaka usingizi ukanichukua.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba radi haikuwa kitu kwake. Saa ile ya salamu ilisoma pia majina ya waliokufa. Maadamu hajasikia lolote, papa alikuwa bado njiani, amechelewa tu, na mke hungoja aliyechelewa. Mimi nilikuwa nimejenga mashine ya kumnyang'anya kungoja kwake. Salamu zile zilikuwa za nani, hatukujua kamwe.

Lakini asubuhi yake sikuelewa hayo. Niliamka kabla ya mama, nikamkuta papa hayupo kama siku zote, na baiskeli yake imeinama kwa uma wake mtupu, kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikaona vibaya. Akirudi atapanda nini? Nikapanda juu ya paa la jiko, nikafungua waya, nikaosha mawese kwenye spoku kwa majivu, nikarudisha gurudumu mahali pake, nikalijaza upepo kwa pampu.