Blanketi Zito la Mama

Mwaka juzi, mama alipolipwa fedha za ufuta, alinipigia simu Nachingwea ninakoishi, nikutane naye Ruangwa tuingie dukani pamoja. Yeye na baba wanalima Matambarale. Alitaka blanketi jepesi la bei nafuu, maana baridi ya Juni ilikuwa inamwingia kwenye magoti. Fedha itakayobaki ilikuwa ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Tangu nimfahamu, mama ni mtu wa kujibana.

Dukani alivutana na muuzaji kwa sauti ya chini, bila haraka. Nililiona jicho la mama likipanda kwenye rafu, palipokuwa na blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, kisha likishuka. Walikuwa karibu kuelewana juu ya lile jepesi, jeneza likapita barabarani.

Muuzaji alizima redio, akatuomba radhi, akaenda kuungana na wanaume waliolibeba. Sisi wanawake tulisimama barazani. Mama alijitanda kanga kichwani. Msafara ulipokwisha kupita alikaa kwenye benchi mpaka muuzaji aliporudi na vumbi miguuni.

"Tulifika wapi, mama?" aliuliza.

"Nishushie lile zito."

"Lile sipunguzi bei."

"Sijakuomba upunguze."

Nikamnong'oneza, "Mama, na salfa je?"

Akanitazama kama nimemuuliza habari za watu wengine. Akalipa.

Tukiwa tunasubiri gari nilimuuliza kama alimfahamu marehemu.

"Simjui," alisema. "Nilikuwa na hesabu zangu, nikanyanyuka. Niliporudi kukaa, hesabu sikuziona tena. Niliona blanketi tu."

Salfa waliyopata mwaka ule haikutosha. Mikorosho ya upande wa bondeni ilishikwa na ugonjwa, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakanyauka. Baba aliuliza mara moja tu habari ya fedha ya salfa, akajibiwa, hakuuliza tena. Yeye na mama walilala ndani ya joto mpaka baridi ilipokwisha.

Msimu wa korosho nilikwenda kuwasaidia kuokota. Chini ya miti ile ya bondeni kulikuwa na majani makavu tu. Mama alipita hapo na ndoo yake bila kusimama, akapanda kwenda kuanzia mistari ya juu, nami nikamfuata.