Mafuta ya Mkwe Kwenye Tangi

Mjukuu wangu anasoma sayansi chuoni. Likizo iliyopita alinikalisha barazani akanieleza kwamba siku hizi watu wanaendesha magari kwa mafuta ya mimea. Wanayachanganya na spiriti na magadi makali, yaliyo mazito yanakaa chini, na juu yanabaki mafuta mepesi wanayoyaita esta, yanayotoa moshi safi na kuilainisha injini kuliko dizeli yenyewe. Alinieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia kuwa babu yake aliendesha gari kwa mafuta ya nazi kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka mpaka akashika ubavu. Nami sipendi kuchekwa kwa jambo la kweli, kwa hiyo nimekaa kitako kuliandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa na ndoa bado changa, tunakaa vyumba viwili vya juu katika Mji Mkongwe, upande wa Darajani. Mume wangu alikuwa na gari ya shamba aliyoachiwa na baba yake, lori kuukuu la dizeli lililojengewa bodi ya mbao na mabenchi. Mchana ilitoka Darajani kwenda Paje, ikalala huko, na alfajiri ikarudi mjini na abiria, samaki, nazi na kuni. Paje ndiko kwetu. Mara nyingi nami nilikwenda nayo, maana mama yangu alikuwa akiishi peke yake kule na mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia.

Gari ililala uani kwa mama, na mume wangu alilala ndani ya gari. Chumba kilikuwepo, na kitanda cha kamba kilikuwepo, lakini yule bwana alikuwa na haya na mkwewe ambayo sijaona mfano wake. Nje ya nyumba ile alikuwa msemaji, mtani, anaweza kubishana na askari wa barabarani mpaka askari akaomba yaishe. Akifika kwa mama, sauti inashuka, macho yanakwenda chini, na chakula anakula ameupa mgongo mlango. Mama naye akijitanda kanga mpaka mdomoni akimwona. Walipendana, hilo nalijua, maana kila mmoja alikuwa akiniuliza mimi habari za mwenzake. Ila kutazamana uso kwa uso, hata siku moja.

Kilichokuwa kikininyima raha siku zile ni Tanga. Mume wangu alikuwa na kaka yake kule mwenye kazi ya ufundi wa magari, na kila aliyevuka kutoka bara alileta salamu zake: njoo, nafasi ipo. Hapa kwetu vitu vilikuwa vimeadimika. Dizeli ilipatikana leo, kesho haipo, na hiyo inayopatikana ilikuwa chafu, ukiimimina inaacha tope chini ya debe. Injini ikawa inatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, na pampu ikagonga kwa kelele za kutia uchungu. Kuna wiki gari ilikaa tu, na mtu wa gari asiyekuwa na safari ni mtu mgumu kukaa naye vyumba viwili.

"Nkae hapa nfanye nini?" alikuwa akiniuliza. "Nioshe gari kila asubuhi, halafu niitazame?"

"Na mama je?"

"Mama tutakuwa tunakuja kumtazama."

Niliwajua watu waliovuka wakasema watakuwa wanakuja kutazama. Wengine hatukuwaona tena. Na mama nilimjua pia. Kumtoa Paje, penye minazi yake na makaburi ya watu wake, halikuwa jambo la kuzungumzwa. Nikivuka, nilikuwa namwacha. Nilikasirika na Tanga kama vile ni mke mwenzangu.

Safari moja nikamweleza mama yote. Aliendelea kukuna nazi, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Hiyo dizeli inafanya nini humo ndani?"

"Inaungua, mama. Ndiyo nguvu ya gari."

"Basi na ya nazi yanaungua. Wakati wa vita mafuta ya taa yalikuwa hayaonekani. Tuliwasha vibatari kwa mafuta ya nazi, na tuliona."

Nilimwambia gari si kibatari. Akanijibu kuwa gari siijui na kibatari sikijui, na kote siwezi kumfundisha kitu.

Safari iliyofuata, alfajiri, abiria walikuwa wameshapanda na mume wangu anafunga mizigo nyuma, nikamwona mama anatoka ukumbini na debe kichwani. Alilitua karibu na tangi la dizeli. Lilikuwa limejaa mafuta ya nazi, aliyoyakamua na kuyapika wiki nzima bila kuniambia.

"Baba," alimwambia mume wangu akiwa ametazama ardhi, "haya ya gari."

Angekuwa mtu mwingine yeyote, mume wangu angemfanyia mzaha wa kusimuliwa mpaka Makunduchi. Lakini huyu ni mkwe. Alitazama debe, akatazama miguu yake, akanitazama mimi. Mimi nikajifanya nakaza kilemba.

"Ahsante, mama. Mungu akuzidishie."

Najua alichokuwa anakipanga, maana nilikuwa nakipanga mimi pia. Tungelipakia lile debe, tukafika nalo mjini, tukakaangia samaki mwezi mzima. Kumbe mama hakuondoka. Alisimama palepale, kanga mdomoni, akingoja. Na zawadi ya mkwe huiweki kando mbele ya macho yake, kama vile huwezi kukisogeza chakula alichokupikia bila kukionja. Mume wangu alilifungua tangi, akayamimina yale mafuta, midomo yake ikicheza. Mpaka leo sijui kama alikuwa anasoma dua au anatukana kimyakimya.

Gari ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikashika, na baada ya kupata moto ikatulia namna ambayo haikuwa imetulia kwa muda mrefu. Ile pampu iliyokuwa ikigonga ikanyamaza. Njia nzima mume wangu aliendesha ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Tulipoteremka Darajani alizunguka nyuma akautazama moshi, mwembamba, karibu mweupe. Aliunusa. "Mama yako," akaniambia, akaunusa tena.

Isidhaniwe mambo yalikwenda tu kama maji. Chujio la injini liliziba upesi, maana mafuta ya kienyeji yana maji ndani yake na yana machicha. Hapo nikaingia mimi. Mume wangu alijua injini, lakini mafuta ya nazi hakuyajua, na nilifurahi sana kumwambia hivyo. Nilimwonyesha kuwa unayapika mpaka yaache kutatarika, maana ule mtatariko ndio maji yanayotoka. Unayachuja kwa kanga kuukuu yenye sufi ndani, unayaacha yatuame, unachukua ya juu. Kisha unachanganya na dizeli, ikiwepo, na ikiwa haipo, unaiomba radhi injini. Tulifanya kazi hiyo pamoja uani, tukigombana. Yeye anataka haraka, mimi nataka safi. Siku moja aliniambia nachuja mafuta ya gari kwa uangalifu kuliko ninavyochuja chai yake. Nikamwambia gari hailalamiki. Zile ni katika siku nzuri za maisha yangu, na sikuzijua kuwa nzuri mpaka zilipopita.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Hakuna kati yetu aliyefikiria mafuta ya nazi yakiungua yananukia nini. Siku moja gari ilichelewa kutoka Paje, na mume wangu akafika mjini alasiri, akaegesha Darajani huku injini inanguruma, saa ile ambayo watu wana njaa na hasira zao ziko karibu. Moshi ukatambaa sokoni. Ulikuwa unanukia vitumbua, vitumbua hasa vinavyogeuzwa karaini. Watu wakaanza kugeuka kutafuta nani anayekaanga mchana. Muuza pweza mmoja alipiga kelele, "We dereva, zima hiyo! Unatufunguza!" Mzee mmoja wa mtaani kwetu akamsogelea mume wangu na kumwuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama abiria waliokaa nyuma karibu na moshi itawabidi walipe saumu zao. Tokea siku hiyo gari ikawa inaitwa Kitumbua. Watoto waliikimbilia na visahani mikononi. Mume wangu alijidai amekasirika, lakini nilimsikia mwenyewe anamwambia abiria, "Panda, Kitumbua inaondoka."

Basi ungedhani Tanga imesahauliwa. Haikusahauliwa. Mafuta ya mama yalituongezea muda, lakini minazi yake ina kiasi chake, na dizeli ilizidi kuwa ya kubahatisha. Baada ya Idi kaka mtu alituma salamu kwamba ile nafasi haitamngoja milele. Kipupwe kilipoingia mume wangu aliniambia ameshaanza kuulizia ruhusa ya serikali ya kuvuka. Nilikwenda nikamwambia mama, kwa kuwa sikuwa na wa kumwambia mwingine. Akasema, "Mume ndiye mwenye safari." Akainuka akaenda kukamua nazi.

Sasa, kila mwanamke wa Unguja anajua kipupwe kinavyoyafanya mafuta ya nazi. Asubuhi unachukua chupa ya mafuta ya nywele, unaipindua, hayatoki. Mpaka uiweke juani au uikumbatie. Tunajua tangu utotoni. Nilikuwa naikumbatia chupa yangu kila asubuhi, na wala haikunijia akilini kuwa lile tangi la gari nalo linalala nje.

Wiki ile dizeli haikupatikana hata kidogo, na tangini mlikuwa na mafuta ya mama matupu. Alfajiri ya Paje ilikuwa na upepo wa kusini wa kupenya kwenye mifupa. Abiria walikuwa wamejikunyata kwenye mabenchi, na vikapu vya samaki viko juu. Mume wangu akaiwasha gari, ikakataa. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikaanza kuchoka. Akafungua tangi, akamulika kwa kurunzi. Nilikuwa nimesimama karibu yake, na sote wawili tuliona: meupe, magumu, yameganda kama samli. Na bomba la kwenda kwenye injini bila ya shaka nalo limeganda.

Alizima kurunzi akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Basi," akaniambia. "Nshachoka. Mwezi huu tunavuka."

Alidhani nimesikia mimi tu. Mama alikuwa nyuma yetu, amemletea kahawa, na alisikia kila neno. Aliiweka kahawa chini akarudi ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Kidogo akatoka na birika la maji ya moto, yanafuka moshi, na gunia begani. Alitandika gunia mchangani, akajifunga kanga kiunoni, na mbele ya abiria wote, mwanamke wa umri ule, mkwe wa mtu, akaingia chini ya gari.

"Mama!" mume wangu aliruka. "Mama toka, utajiunguza!"

"Mafuta yenyewe yanapita wapi? Ni bomba hili?"

"Mama, tafadhali!"

Hakutoka. Ikambidi naye alale chini aingie kumfuata, maana hangeweza kumwacha mkwewe chini ya lori na yeye amesimama. Mimi nilibaki naona miguu tu: nyayo za mama zilizopasuka, na makubadhi ya mume wangu kando yake. Maji ya moto yakawa yanachuruzika mchangani. Nilisikia anamwelekeza, hapa, mama, na hapa kwenye kiungo. Pale chini hapana nafasi ya kuinamisha kichwa wala ya kujitanda kanga. Walikuwa wamelala ubavu, nyuso zao hazina pengine pa kuelekea ila kuelekeana.

"Baba," nikamsikia mama.

"Naam, mama."

"Miye sijapata kukuomba kitu."

"Hujapata, mama."

Sauti ya mama ilikuwa ndogo, si ile ya kunifokea mimi.

"Usinchukulie mwanangu."

Nilikuwa nimeushika ubao wa gari kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

"Simchukui, mama," akasema mume wangu. Kisha, kwa sauti ya kazi: "Nmwagie na hapa, bado pameganda."

"Maji yamekwisha, baba."

Nikachukua birika lililotolewa na mkono wa mama kutoka chini ya gari, nikaenda jikoni kuchemsha maji mengine, na huko nikalia mpaka yakachemka.