Epua Kwanza, Ndipo Utie Majani

Siku ile ya kule Lemera milimani bado naikumbuka, mwanangu, kila ninapoteleka sufuria. Tulikuwa tumekimbia kutoka Uvira, vita vimeingia mjini. Jirani yetu Safari, fundi viatu, ndiye aliyewaonyesha askari mlango wetu. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hajawahi kulitaja kosa lake. Tulipanda milima kwa miguu, mimi na mama yangu, na mkononi nina kifungu cha mchaichai nilichochuma uani nikitoka mbio. Wengine walibeba godoro. Mimi majani.

Mama alifika na homa, midomo imekauka. Uji hataki, maji hataki, anasema yananuka moshi. Nilijua asipokunywa nitamzika kule ugenini.

Sisi wa kando ya ziwa, kipindupindu kimetufundisha kuchemsha maji sana. Basi nilitia majani humohumo, nikayaacha yatokote asubuhi nzima, nikiamini dawa nyeusi ndiyo yenye nguvu. Mama alionja, akatema. Nikapika tena, akatema tena. Kikabaki kiganja kimoja cha majani.

Bibi aliyetupokea nyumbani kwake, Mkatoliki tuliyemwita koko, yaani nyanya, Nabintu, alikuwa ananitazama tu. Akaweka jembe chini.

"Weye mutoto wa ziwa, unapika majani ama unapika maharagi? Nguvu yote iko inaenda na moshi. Unatibu paa yangu."

Nilikasirika, nikamjibu kwamba maji yasiyochemka yanaua. Akasema hajanikataza kuchemsha. Nichemshe vizuri, niepue, niache yatulie, ndipo nitie majani na kufunika kwa sahani. Saa hatukuwa nayo. Nikauliza nisubiri kiasi gani kabla ya kutia majani.

"Sema Baba Yetu mara mbili. Ile yetu, fupi. Maombi yenu ya Walokole, maji itapoa mpaka kesho."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Uvira. Nikafanya hivyo kwa kile kiganja cha mwisho, na nilipofunua sahani, harufu ya uani kwetu ilijaa chumba. Alishika kikombe mwenyewe. Akanywa, akaomba kingine.

Sikudanganyi, majani peke yake hayakumponya. Alipona polepole, kwa kunywa, kwa uji wa koko, kwa Mungu. Miaka baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba majani yana vitu vya kuukinga mwili, anaviita antioksidanti, na vingine huharibika vikitokoteshwa sana, na maji ya baridi nayo hayavitoi upesi. Koko hakulijua jina hilo. Alijua sahani.

Kwa hiyo, mwanangu, chemsha maji, epua, subiri kidogo, tia majani, funika. Na ukikemewa na aliyekupokea, usimjibu upesi kama mimi.

Safari bado anashona viatu palepale, na moyo wangu kwake haujapoa. Lakini nikimkumbuka yeye aliyeonyesha mlango, namkumbuka na yule aliyetufungulia wake, nami nashukuru. Mungu akupe mlango siku utakayofukuzwa, na ndani yake mtu wa kukukemea kabla kiganja cha mwisho hakijaisha.