Kisima Kinachomwagwa kwa Zamu

Nilitoka Bukoba saa kumi na mbili asubuhi, mfuko begani, bila kujua naelekea wapi. Hakuna aliyenifukuza. Nikikaa chumba kimoja miezi mitatu, miguu huanza kuniwasha.

Nilipofika Kemondo nilikuta pikapu ya serikali imesimama. Bi. Revina, mtathmini wa miradi ya maji na ardhi yenye chumvi, alikuwa anatafuta mtu wa kumbebea sanduku la sampuli. Msaidizi wake alikuwa anaumwa.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

"Chupa hazitakuuliza. Panda."

Saa sita mchana tulifika kijiji kimoja cha milimani, wilayani Muleba. Kisima cha mradi kilikuwa kizima na mita yake inazunguka. Bi. Revina akafurahi. Mimi niliwatazama wanawake. Walikinga ndoo, wakatembea hatua kama thelathini hadi kwenye kibanja cha jirani, shamba la migomba, wakamwaga, wakarudi kwenye foleni. Migomba ya pale ilikuwa imekauka ikiwa wima, majani yananing'inia kama nguo za watu waliohama. Udongo ulikuwa mweupe kama majivu. Sikusikia hata ndege.

"Mnamwagilia nini, mama zangu?"

"Mita, waitu," mmoja akajibu, akiniita 'wetu' kwa Kihaya. Hakuna aliyecheka.

Ma Koku, mjane mwenye kibanja kile, ndiye aliyetueleza. Maji yalikuwa ya chumvi tangu siku ya kwanza. Hata ng'ombe waliyakataa. Lakini watu wa mradi walikiambia kijiji kwamba mita isipozunguka, bomba la kutoka kwenye chemchemi halitaletwa. Basi kila nyumba ikapewa zamu ya kumwaga. Yeye alitoa shamba lake limwagiwe kwa mwezi mmoja tu. Sasa ni mwaka wa pili, chumvi imepita kaburi la mumewe, na imebaki safu moja ya migomba mbele ya mlango.

"Yaandike haya, mwanangu," alimwambia Bi. Revina.

"Ma, unatuua!" mwanamke mmoja wa kwenye foleni akaruka. "Vumilia mpaka bomba lije."

"Nile nini mpaka lije? Mita?"

Bi. Revina alionja maji, akatema. "Fomu inauliza maji yaliyotoka," aliniambia taratibu. "Haiulizi yalikokwenda." Akaigeuza, akaandika nyuma yake, ukurasa mzima. Wanawake walimtazama mpaka alipomaliza, kisha wakaondoka mmoja mmoja na ndoo tupu.

Saa kumi na mbili jioni tulitafuta pa kulala, kwani sampuli za asubuhi zilikuwa bado kuchukuliwa. Tulipiga hodi nyumba nne. Moshi ulitoka jikoni, sauti za watoto zikakatika ghafla, na hakuna aliyeitika.

Nyumba ya tano ilikuwa wazi. Ma Koku alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni, kama inavyofanywa kwa wageni.

"Msibishe hodi tena huko," alisema. "Hawatawaitikia. Na mimi kuanzia leo hawataniitikia. Ingieni. Nimewakatia mkungu."

Nilitazama nje. Kwenye safu ile ya mwisho, mgomba mmoja ulikuwa umelala chini, bado wa kijani.