Kopo la Esta na Kambale wa Bondeni

Ilikuwa harufu ya mabibo ya mkorosho yaliyochacha, yakachanganywa na dagaa waliotwangwa, halafu yakaachwa juani ndani ya kopo la mafuta ya mgando. Ukilifungua pale kwetu Newala, nakuapia, hata mbuzi wa kijiji cha Mnyambe walipiga chafya. Mwenye kopo alikuwa Esta, binti wa mama mdogo, aliyeletwa kutoka Mkomaindo, kule Masasi, aje atusaidie kuokota korosho msimu ule. Nilimzidi umri kidogo tu, lakini kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, dada Zaina," kwa adabu iliyonichoma zaidi. Utamchukia vipi mtu anayekuamkia?

Kabla hajaja, mvuvi wa Mjomba Hamisi nilikuwa mimi. Kila Jumamosi alishuka na pikipiki yake hadi bonde la Ruvuma, kwenye madimbwi ambayo mto huyaacha nyuma wakati wa kiangazi, na alibeba mtoto mmoja tu kwa sababu mteremko ule hautaki mchezo. Kiti cha nyuma kilikuwa changu, nikikikalia kama mkuu wa wilaya. Basi Jumamosi moja nikaugua tumbo kwa kula mabibo kama ndege, Esta akaenda badala yangu, na jioni akarudi na kambale wengi hata bibi akaazima sufuria kwa jirani. Chambo kilikuwa kilekile, kisamaki cha mti alichochonga Mjomba mwenyewe, chenye ndoana tumboni. Tofauti ni kwamba Esta alikuwa amekipaka ule uvundo wake. Jumamosi iliyofuata akapelekwa yeye tena, na iliyofuata pia, mimi nikabaki chini ya mikorosho na wivu uliovimba hadi nikaona hata kuku wa nyumbani wanamfuata yeye.

"Si yeye, Mjomba, ni kopo," nililalamika. "Nipe mimi hilo kopo uone!"

"Usemayo yanapimika," akajibu. "Tutapima. Atakayeshinda nitamchukua yeye mpaka mvua zianze."

Akachonga visamaki viwili kutoka tawi moja, vimefanana kama mapacha. Kimoja kikapakwa, kingine kikaachwa hivyo hivyo. Mpango ulikuwa Esta aanze na kile cha harufu, kisha tubadilishane. Kama kopo lina kazi, samaki watalifuata popote liendapo. Niliomba Mungu liwe na kazi, nikaomba kuliko nilivyowahi kuombea mitihani. Kopo ningejifunza kulitengeneza, mabibo yalijaa uani. Lakini kama siri ilikuwa kwa Esta mwenyewe, ningeichota wapi?

Siku hiyo Mjomba alivunja sheria yake kwa mara moja, tukapanda mishikaki, sisi wawili nyuma yake, na ule uvundo ukitutangulia bondeni. Tukatupa ndoana. Esta akavuta kambale, akavuta mwingine, mimi sikupata kitu, na furaha yangu ilikuwa kubwa kama ya bibi harusi.

"Umeona, Mjomba? Kopo hilo!"

Tukabadilishana. Nikashika kile kinachonuka, nikakitupa katikati ya dimbwi, nikasubiri kambale wapange foleni. Esta, na kijiti chake kisicho na harufu yoyote, akavuta kambale. Kwangu hata chura hakuja kusalimia.

Mjomba alikuwa amekaa kando akitutazama. "Zaina," akaniita taratibu, "unavua au unaoga?"

Nikajitazama. Nilikuwa ndani ya maji hadi magotini, gauni nimelikunja kiunoni, mkono mmoja umeshika uzi na mwingine unajimwagia maji shingoni. Sikukumbuka hata nimeingia saa ngapi. Kwetu Newala maji ya bakuli moja yalinawisha uso, yakaosha miguu, kisha yakamwagilia mchicha. Kuona maji yote yale yamelala bila mwenyewe, miguu yangu haikuomba ruhusa. Esta alikulia kwenye nyumba yenye bomba uani. Alikaa ukingoni, mkavu kama benchi la kanisa, akiyatazama maji kama aliyeshiba anavyotazama ugali.

"Mbona zamani nilikuwa mvuvi wako?" nikauliza, machozi yakinilenga.

"Ulikuwa peke yako, mwanangu. Na tulikuwa tunakula mchicha."

Esta akacheka, kisha akaziba mdomo. "Samahani, dada."

Kiti kikawa chake hadi mvua. Na wivu wangu ukahama, ukatoka kwenye kopo ukahamia kwenye bomba la Mkomaindo, ambalo sikuwahi hata kuliona.

Ukubwani, shule ya jioni, mwalimu alitufundisha kwamba samaki ananusa, na kambale ni bingwa wao. Siku hizi vijana wanaagiza chambo cha plastiki chenye manukato yake, wanabishana kwenye simu kama kinasaidia. Mimi siwaingilii. Kipimo chetu hakikujibu swali hilo, maana nani atapima harufu wakati mmoja wa wapimaji anaoga? Nyumbani kwangu sasa kuna bomba, linakohoa upepo kwanza, kisha linatoa maji siku likijisikia, na likitoa naacha kila kitu, hata ugali ukiwa jikoni. Esta yuko Masasi, ana pikipiki yake mwenyewe, na akienda kuvua hunitumia picha. Kambale anaowashika ni wakubwa, pengine wakubwa kuliko baadhi ya shemeji zangu, lakini siwaangalii. Naikuza picha kwa vidole hadi chini kabisa, nione kama safari hii, walau mara moja, miguu yake imelowa.