Barua Iliyomwambia Mkunga Asubiri

Miaka ilikwenda kwa mwendo wake usio na haraka, kwa idhini ya Mola, hata ikamfikisha Mwalimu Kamusi, kama walivyombandika jina wanafunzi wake, mwaka wa thelathini na moja wa kufundisha Kiingereza. Minne ya mwisho aliwafundisha watu wazima waliokulia katika Kifaransa, nayo ndiyo iliyomnogea. Makosa yao aliyachungulia kama mtu afunguaye saa ajue inavyotembea. Fundi cherehani alisoma "pain", yaani maumivu, kwenye boksi la dawa ya mgongo. Na kwa kuwa katika Kifaransa neno hilo ni mkate, akauliza ni mkate gani huo wa kujipaka. Darasa lilicheka hadi machozi. Hata hivyo mwalimu aliwahimiza: lugha hizi zina maneno mengi ya ukoo mmoja, basi wakikwama kwa neno, wamuulize ndugu yake.

Jumatatu moja asubuhi mwanafunzi wake mmoja, mkunga na mama wa watoto watatu aliyetafuta kazi mwaka mzima, aliingia darasani amevaa nguo zake za heshima. Mwalimu akamuuliza kulikoni. Akatoa barua ya hospitali: "attend" usaili, leo, saa nne.

"Wamesema nisubiri waje kunisaili," akasema. "Nikaona bora nisubirie hapa kuliko nyumbani."

"Nani kakwambia ni kusubiri?"

"Si wewe, Mwalimu? Nimemuuliza ndugu yake."

Mwalimu akaichukua barua akaisoma mwenyewe. Kwa Kifaransa neno la sura ile ni kusubiri. Kwa Kiingereza ni kuhudhuria. Ilikuwa saa nne kasorobo. Akaliachia darasa zoezi, wakatoka wawili hao mguu niponye.

Walifika hospitali saa nne imeshapita, wakamkuta matroni, msimamizi wa wauguzi aliyekuwa akisaili, anakusanya mafaili. Mwalimu alitaka kujitwika lawama, akaambiwa akae nje, aliyeitwa ajisemee. Akatega sikio mlangoni. Mkunga alieleza kosa lake kwa Kiingereza cha kuchechemea, lakini hakuacha kitu. Matroni akauliza: wajawazito wanaozungumza Kifaransa, ambao kadi zao zina neno hilohilo na kliniki hawaonekani, je, nao wako nyumbani wanasubiri?

"Wanasubiri, Matroni. Tena wanashangaa mbona hamwendi."

"Hebu kaa," matroni akasema, akafungua faili upya.

Kazi akaipata, na wiki ile ile akaanza kuandika kadi za lugha mbili.

Mwenyezi Mungu amjaalie Mwalimu Kamusi afya na umri wenye manufaa, amtunzie mkewe na wanawe. Na mkunga yule na watoto wake watatu awafungulie milango ya heri. Amina.