Mama alikuwa anasafiri kwenda Ujerumani, tukabishana ni laini gani abebe

Wakuu, mulembe, ndio salamu ya kwetu Wabukusu. Mimi husoma tu za wenyewe humu na kupita kimya, lakini hii imenikaa moyoni, wacha niitoe. Ni ya nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi.

Niko Kitale, nauza spea za posho mill, zile mashine za kusaga mahindi. Wazazi wako Kabuchai, Bungoma, na miwa yao na ng'ombe wawili. Dada yetu Nasimiyu ni nurse Ujerumani. Mwaka huu alikuwa anangoja mtoto wa kwanza, na akasema hawezi kujifungua bila Mayi, mama yetu, kando yake.

Mayi hajawahi kupanda ndege. Kiingereza anasikia kidogo, kusoma anasoma Biblia ya Kibukusu.

Visa ikatoka, tukashukuru Mungu. Sasa swali likawa simu.

Ndugu yangu Wekesa anaishi Kanduyi na ndiye mtu wa mitandao kwa familia yetu. Alikuja na smartphone safi na plan tayari. Ati tumwekee Mayi eSIM ya data, ile laini ya kununua online bila kadi, akifika Ujerumani inashika network yenyewe. Ataongea na sisi kwa video call, mambo kwisha. Roaming, ile ya kutumia laini yako ya Kenya ukiwa nje, ni ya watu wa ofisi, alisema.

Mimi nilikuwa upande wa Wekesa kabisa. Hata nilikuwa nimeanza kumfunza Mayi kupokea video call, ingawa kila mara alikuwa anatuonyesha paji la uso peke yake.

Papa, baba yetu, alikuwa ameketi kwa kiti chake akisikiza. Papa ni mtu wa maneno machache, na sikio moja halisikii vizuri. Simu yake ni kabambe ya button, na smartphone alishakataa, anasema hiyo kioo haimtambui kidole.

Akauliza, "Na mimi nitampigia na nini?"

Wekesa akamwambia atampigia kwa simu yetu, tukija.

Papa, ambaye laini huiita raini, akasema, "Mimi nampigia kwa raini yake. Ile naijua kwa kichwa."

Basi. Hapo ndio mjadala uliisha, bana.

Nikapeleka Mayi Kitale kwa duka la kampuni ya laini yake. Msichana wa customer care alituelewesha polepole. Kwamba roaming inawashwa ukiwa bado Kenya, usingoje kufika huko. Kwamba ukiwa nje hata kupokea simu kunakula credit, kwa hivyo chukua bundle yenye dakika za kupokea. Halafu akauliza kitu ambacho sisi wote hatukuwa tumefikiria: ndege inasimama wapi njiani?

Ilikuwa inasimama Uarabuni, abadilishe. Ile eSIM ya Wekesa ilikuwa ya Ulaya peke yake. Kwa hiyo pale katikati Mayi angekuwa bila kitu. Tukachukua bundle ya roaming yenye nchi zote mbili, na eSIM tukaiacha ikae kwa simu hiyo hiyo kazi ya data.

Siku ya safari Wekesa alimsindikiza Mayi hadi Nairobi. Mimi nikabaki Kabuchai na Papa, kwa sababu hakuwa anakula vizuri tangu mizigo ifungwe.

Asubuhi iliyofuata ndege ya Mayi ilikuwa imeshatua Uarabuni. Papa akatoka na kabambe yake mpaka pale mwisho wa shamba la miwa, ndio network hukaa vizuri. Nikamfuata. Alipiga ikakataa, akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumtuliza, kwamba pengine Mayi amelala.

Mara ikaingia. Papa huweka loudspeaker kwa sababu ya sikio, kwa hivyo nilisikia yote.

Waliongea Kibukusu. Mayi akasema hajambo, ameketi pale alionyeshwa, ana maji, hapo ndani kuna baridi. Papa akamuuliza kama watu wa ndege yake wako hapo. Mayi akasema walikuwa, sasa hawaonekani, pengine wameenda kula.

Wakuu, hapo nikajua kuna kitu si sawa. Baadaye ndio tulijua mlango wa kuingilia ndege ulikuwa umebadilishwa, na tangazo lilipita kwa Kiingereza na Kiarabu. Mayi alikuwa amekaa peke yake akingoja ndege ambayo haiko hapo.

Nikamwambia amuonyeshe mtu yeyote tiketi yake. Network ilikuwa inakatika kidogo, na si mnajua mama zetu, network ikiwa mbaya wanapaza sauti. Akaanza kuuliza kwa nguvu, kwa Kibukusu, huyo mtu atamtoa wapi na hawa wote hawamwangalii.

Halafu tukasikia sauti nyingine, ya msichana, karibu na simu.

"Mulembe, mayi. Unaenda wapi?"

Papa akageuka akaniangalia.

Huyo dada anaitwa Naliaka, kwao ni Misikhu, hapo hapo Bungoma. Anafanya kazi hapo airport, kusukuma abiria wa wheelchair. Alikuwa anapita na kiti kitupu akasikia lugha ya kwao. Alisoma tiketi, akachukua simu.

"Papa, mlango wao uko mbali lakini bado hawajafunga. Mama yuko na mimi."

Akamkalisha Mayi kwa kiti, ingawa Mayi alikuwa anabisha ati miguu yake ni mizima, na akaanza kukimbia naye. Papa alikataa kukata simu. Tulisimama hapo kwa miwa tukisikia magurudumu, na Naliaka akiomba watu njia, na Mayi akimuuliza ni binti wa nani.

Mwisho Naliaka akasema, "Tumefika, papa. Wamemruhusu kupita, sasa namrudishia simu aingie."

Papa akanisogezea simu. Mimi ndio nilimshukuru. Papa alifuta uso na kofia, akarudi nyumbani, akaomba chai.

Mayi alifika, na mtoto alikuja salama, msichana. Ile eSIM inafanya kazi vizuri, video call kila wakati, tusimnyime Wekesa haki yake. Lakini kila jioni Papa anaenda pale kwa miwa, anapiga ile raini.

Na miaka yote hii sijawahi kusikia Papa akimwambia Mayi neno tamu. Wiki iliyopita nilikuwa hapo. Mayi anarudi mwisho wa mwezi huu. Alimwambia ng'ombe yuko sawa, mahindi yamepaliliwa, halafu akageuka akaangalia upande wa nyumba.

"Nyumba imekuwa kubwa," akasema. "Mwisho wa mwezi si mbali."

Mayi akamwambia avae sweta, huko nje kuna umande.

Nilichojifunza: kabla hujatafuta data ya bei gani, uliza kwanza ni nani atampigia msafiri, na ana simu gani mkononi. Halafu angalia nchi ya katikati, si ile ya mwisho peke yake.

Wenye wamewahi kusafirisha wazazi, nyinyi mliwawekea nini? Na kama kuna mtu wa Misikhu humu anajua kwa kina Naliaka, aniandikie. Papa ana jogoo wa kupeleka.